Birika la Husuni Kubwa na Kinga ya Maji Yasivuje
Jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14 na kuhusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilikuwa na birika la kuogea lenye pembe nane, nalo ni ushahidi wa fahari ya biashara ya dhahabu na vilevile wa ustadi wa waashi ambao hawajasifiwa ipasavyo. Mawe ya matumbawe, yaani miamba iliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini, yana vitundu vingi, hivyo kuta za mawe hayo zisizopakwa kitu hupitisha maji. Kinga ilikuwa lipu ya chokaa: matumbawe yalichomwa juu ya rundo la kuni, chokaa iliyopatikana ikazimwa kwa maji na kuchanganywa na mchanga, na baada ya kupakwa ikanyonya hewa ya kaboni dioksidi kidogo kidogo hata ikawa ngumu kama jiwe. Udhaifu wa lipu hiyo umo katika maungio, kwa kuwa msingi ukititia kidogo ufa huanzia pale ukuta unapokutana na sakafu, na birika la pembe nane lina maungio mengi kuliko la pembe nne. Kwa kuwa jua nalo hupunguza maji, upungufu wa birika lolote hulinganishwa na ule wa ndoo iliyowekwa kando yake; maji ya birika yakishuka zaidi, yanavuja, na mahali yanapoanza kushuka sawa na ya ndoo huashiria kimo cha ufa.