Kivuli Kilikuwa cha Nani? Historia Fupi ya Jua katika Pwani ya Tanga

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa kiranja wa darasa la tano katika shule moja ya msingi mkoani Tanga. Mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kuhakikisha kuwa sare imevaliwa kama kanuni ilivyotaka: shati jeupe, kaptura ya buluu, kichwa wazi. Darasani mwetu alikuwamo mwenzetu mwenye ualbino. Mama yake alimsukia pama la ukindu, pana kama ungo, naye akaja nalo siku ya kazi za shamba la shule. Mwalimu wa zamu aliniagiza nilichukue, kwa kuwa pama si sare. Nililichukua. Tulilima kuanzia saa tano hadi saa saba na nusu, na pama likakaa juu ya kabati la ofisi mpaka kengele ya mwisho.

Mwenzetu huyo alifariki dunia kwa saratani ya ngozi kabla ya kutimiza miaka thelathini. Sisemi kwamba siku moja ya jembe ndiyo iliyomuua. Saratani hii hujengwa na siku nyingi. Nasema tu kwamba mojawapo ya siku hizo ilipitia mikononi mwangu, na kwamba kwa miaka mingi nimejiuliza kanuni ile ilitoka wapi. Makala haya ni jaribio la kujibu swali hilo kwa njia ninayoifahamu, yaani njia ya historia.

Tuanze na pwani yenyewe kabla ya wakoloni. Waliofika katika mwambao huu zamani waliliona jambo moja mapema: hapa kivuli kilikuwa alama ya enzi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea chini ya vitambaa vinne vya hariri ya rangi, kila kimoja kikiwa na sanamu ya ndege wa dhahabu juu yake. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama walimkuta mfalme wa Malindi ameketi chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Mwavuli, pamoja na siwa na kiti cha enzi, ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyomtambulisha mtawala wa Kiswahili. Aliyekuwa na cheo alitembea na kivuli chake. Asiyekuwa nacho alikitafuta chini ya mwembe.

Ukoloni haukuivunja desturi hiyo. Uliibadilishia vazi tu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga kuelekea bara. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kutokana na miche ile 62 yakatokea mashamba ambayo, kufikia katikati ya miaka ya sitini, yaliiwezesha nchi yetu kuzalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka na kuongoza duniani.

Mkonge hupenda jua, na shamba la mkonge halina kivuli. Waliolikata jani hilo walikuwa manamba, watu walioitwa kwa namba zao, wenye kipande mkononi kilichowekewa alama kila siku ya kazi. Aliyewasimamia alivaa chapeo, kofia ngumu nyepesi iliyofunika utosi na kisogo. Neno lenyewe chapeo ni urithi wa Wareno, lakini imani iliyoandamana na kofia hiyo ilikuwa ya sayansi ya wakati ule. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alichapisha kitabu kizima akidai kwamba mwanga wa nchi za joto humdhuru mzungu mwili na akili. Wengi waliamini kuwa miale ya jua hupenya fuvu la kichwa na kuuchosha ubongo. Ndiyo maana chapeo ikawa lazima, na ndiyo maana Wajerumani walipanda milima ya Usambara kutafuta baridi na kujenga mji wao wa Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto.

Nadharia ya ubongo kuunguzwa na miale ilikuwa uongo, na baada ya Vita Kuu ya Pili chapeo ilitupwa. Hata hivyo ndani ya uongo ule kulikuwa na ukweli mmoja uliosahaulika: ngozi isiyo na rangi ya kutosha hudhurika kwa jua. Madaktari wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuliona jambo hilo. Mwaka 1894 Paul Unna wa Hamburg alieleza mabadiliko ya ngozi ya mabaharia, na miaka miwili baadaye William Dubreuilh wa Bordeaux aliyaona kwa wakulima wa mizabibu, akayahusisha na saratani. Mwaka 1928 George Findlay alionyesha maabarani kuwa miale ya urujuanimno husababisha saratani kwenye ngozi ya panya.

Kinaya cha historia ni kwamba wakati uleule ushahidi ulipokuwa ukikusanywa, Ulaya ilianza kulipenda jua. Zamani ngozi iliyoungua ilikuwa aibu ya mkulima. Tajiri alikaa ndani. Viwanda vilipomfungia maskini ndani ya kuta, tajiri akatoka nje, na kuanzia miaka ya ishirini ya karne iliyopita ngozi ya rangi ya shaba ikawa ishara ya mtu mwenye likizo. Wajukuu wa waliovaa chapeo leo hulala kutwa kwenye mchanga wa Ushongo, kusini ya Pangani, wakijigeuza kama samaki juu ya makaa. Wasioweza kusafiri walitengenezewa vitanda vya taa, ambavyo mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka katika kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku.

Nasi tusiwacheke. Katika maduka ya vipodozi ya mji wa Tanga, kama kwingineko nchini, wapo wanaonunua mkorogo ili waipoteze rangi ambayo mgeni wa Ushongo anailipia nauli kuipata. Serikali ilikwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini biashara inaendelea. Anayejichubua huharibu kwa fedha zake kinga ambayo mwenzake alizaliwa bila ya kuwa nayo.

Kinga hiyo huitwa melanini. Ndiyo inayoipa ngozi weusi wake na kuzinywa nguvu za miale kabla haijazifikia seli. Kwa sababu hiyo saratani ya ngozi itokanayo na jua ni adimu kwa watu weusi; inapowapata, mara nyingi hutokea kwenye unyayo, chini ya ukucha au kwenye kovu la kidonda cha siku nyingi, mahali ambapo jua halihusiki. Mwenye ualbino hana ngao hiyo. Amerithi hitilafu ya kijeni kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida wao wenyewe hawaonyeshi dalili yoyote. Na katika kila uzazi wao uwezekano wa kumpata mtoto mwenye ualbino ni mmoja kati ya nne. Si laana, si mizimu, wala si uzinzi wa mama, kama tulivyosikia tukiwa watoto.

Sasa mweke mtoto huyo Tanga, nyuzi tano tu kusini ya ikweta, mahali ambapo jua husimama utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Mwaka 1985 madaktari waliowachunguza watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam walichapisha matokeo yao. Ngozi ilianza kuharibika tangu utotoni. Kufikia umri wa miaka ishirini hakuna aliyesalimika na madoa magumu yanayotangulia saratani. Na kati ya miaka ishirini na thelathini nusu yao walikuwa na saratani iliyokwisha kukomaa. Niliposoma matokeo hayo nilifanya hesabu ya mwenzangu wa darasa la tano. Alikuwa amekufa katika umri uleule uliotajwa.

Makadirio ya wakati huo yalikuwa mtu mmoja mwenye ualbino kati ya watu 1,400. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 katika taifa la karibu milioni 45, yaani mmoja kati ya takriban 2,700. Tofauti hiyo ina sababu zaidi ya moja: makadirio yalitoka katika mji mmoja, na zipo familia ambazo humficha mtoto hata kwa karani wa sensa. Lakini mtu akifa mapema hahesabiwi. Sehemu ya pengo hilo, kwa maoni yangu, ni makaburi.

Tangu mwaka 2006 na 2007 dunia imelijua jina la nchi yetu kwa mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kelele zilizopigwa zilikuwa za haki. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany. Na Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino. Panga la muuaji lilitutisha kwa sababu lina mtu nyuma yake. Jua halina wa kushtakiwa, na huua polepole mbele ya macho yetu, shambani, minadani na kwenye mistari ya shule.

Kuna waliofanya kazi kimya kimya. Chama cha Albino Tanzania kilianzishwa mwaka 1978, kabla ya vichwa vya habari. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 kimepeleka kliniki vijijini, na hapohapo hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya ngozi yenye ualbino. Lushoto, shule ya wasioona ya Irente, iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri, imewapokea watoto wenye ualbino, ambao wengi wao huona kwa shida. Reli ile iliyoteremsha utajiri kutoka Moshi hadi bandari ya Tanga ingeweza leo kuteremsha chupa za mafuta hayo. Wahenga walisema kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Kwetu hata walio mbali hawajafunikwa wote.

Anayechelewa hulipa gharama kubwa. Uvimbe mdogo wa mdomoni, sikioni au shingoni, ukionwa mapema, huondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi. Ukiachwa, mgonjwa wa Tanga husafiri takriban kilomita 350 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, katika viwanja vya hospitali ambayo Wajerumani waliifungua mwaka 1897 kwa ajili ya wazungu. Hapo napo pana funzo: hata tiba ilianza kama kivuli cha wachache.

Basi kanuni ile ya kichwa wazi ilitoka wapi? Jibu langu ni kwamba tulirithi nidhamu ya kikoloni, mistari, ukaguzi na sare, bila kurithi kinga ambayo mkoloni alijiwekea mwenyewe. Bwana shamba alivaa chapeo. Namba alisimama kichwa wazi. Tulipopata uhuru tuliubadilisha uongozi wa shule, lakini mtoto tulimwacha amesimama palepale.

Miaka kadhaa baada ya mazishi nilikwenda kumwamkia mama wa marehemu. Nilimweleza habari ya pama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, nilijua. Alirudi nalo mkononi.” Hakuongeza neno, nami sikuomba msamaha kwa namna niliyoipanga.

Najua miongoni mwa wasomaji wangu wamo walimu wakuu, maofisa elimu na wajumbe wa kamati za shule wa Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga. Nisemayo kwao hayahitaji bajeti ya wizara. Mtoto mwenye ualbino avae pama na mikono mirefu hata siku ya ukaguzi. Asilime wala asicheze uwanjani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Apewe kazi za ndani. Kofia zetu za viua, pamoja na uzuri wake, hazina ukingo wa kufunika masikio na shingo, kwa hiyo zisihesabiwe kuwa kinga. Apelekwe kwa daktari wa ngozi angalau kila baada ya miezi sita, na mafuta ya kujikinga yahesabiwe kuwa dawa, si kipodozi. Wasuka ukindu tunao katika kila kijiji cha mwambao huu. Na kiranja afundishwe kwamba yapo mambo ambayo, hata mwalimu wa zamu akiyaagiza, anaruhusiwa kuyakataa.