Mwaka 1996: Kura kwa Rais Aliyesaini Sheria Dhidi Yao

Usiku wa kuamkia Septemba 21, 1996, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoikataza serikali kuu ya Marekani kuitambua ndoa ya watu wa jinsia moja. Hapakuwa na sherehe wala kamera. Uchaguzi ulikuwa wiki sita mbele, na miongoni mwa waliotarajiwa kumrudisha Ikulu walikuwamo mashoga na wasagaji ambao sheria hiyo iliwalenga.

Walikuwa wamemwamini. Mei 1992, akiwa bado mgombea, Clinton alisimama mbele yao Los Angeles, katika mkutano ulioandaliwa na rafiki yake wa siku nyingi, David Mixner. Aliahidi kupambana na UKIMWI na kuwafungulia milango ya jeshi. UKIMWI ulikwishaua Wamarekani zaidi ya 100,000. Agosti mwaka huo, Pat Buchanan aliwashambulia hadharani katika mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Houston. Kuchagua hakukuwa kugumu.

Ahadi ya jeshi haikudumu. Majenerali waligoma, na Seneta Sam Nunn wa chama cha Clinton mwenyewe akawaunga mkono. Julai 1993 Rais akakubali suluhu ya kumtaka askari afiche maisha yake ili abaki kazini. Hadi utaratibu huo ulipofutwa mwaka 2011, zaidi ya askari 13,000 walikuwa wamefukuzwa. Mixner alikamatwa na polisi nje ya Ikulu akiandamana dhidi ya rafiki yake.

Kwa nini basi mashoga na wasagaji wengi walimpigia tena kura? Kuhusu ndoa, hawakuwa na pa kukimbilia: mpinzani wake, Bob Dole, naye aliiunga mkono sheria ile, na mwaka 1995 kampeni yake iliwarudishia Warepublican mashoga mchango wao wa dola 1,000. Ilibidi wapime mengine.

Hapo ndipo wachambuzi wengi hukosea, wanapotenga haki za mashoga upande mmoja na masuala ya wananchi wote upande wa pili. Mwaka 1996 dawa mpya za kupambana na virusi vya UKIMWI zilikuwa zimeanza kuwainua watu vitandani, lakini gharama yake ilizidi dola 10,000 kwa mwaka. Wagonjwa wengi walioshindwa kufanya kazi walitibiwa kupitia Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo. Warepublican bungeni walitaka kuibana. Clinton akaikataa bajeti yao mwishoni mwa 1995. Kwa mtu aliyekuwa na virusi, mjadala huo wa bajeti ulihusu uhai wake. Nani angemlaumu kwa kuutanguliza mbele ya cheti cha ndoa ambacho hakuna jimbo lililokuwa likikitoa?

Kulikuwa pia na mahakama. Mei 1996 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilifuta kifungu cha katiba ya Colorado kilichozuia mashoga kulindwa dhidi ya ubaguzi. Ruth Bader Ginsburg na Stephen Breyer, majaji wawili walioteuliwa na Clinton, walikuwa kati ya wale sita.

Naamini wapiga kura hao walipima sawasawa. Hata hivyo walidhalilishwa: kampeni ya Clinton ilirusha matangazo katika redio za Kikristo ikijisifia sheria ya ndoa, na kuyaondoa baada ya malalamiko. Mgombea anayejua kwamba huna pengine pa kwenda hukutendea hivyo, na waliokaa kimya ili asishindwe walimrahisishia.

Mwaka 2013 Edith Windsor, mjane wa New York aliyetozwa kodi ya urithi ya zaidi ya dola 363,000 kwa sababu serikali haikumtambua mwenziwe, aliifikisha sheria hiyo Mahakama ya Juu. Clinton mwenyewe aliandika gazetini akitaka ifutwe. Juni 26 ilianguka kwa kura 5 dhidi ya 4. Ginsburg na Breyer walikuwa miongoni mwa wale watano.