Ukisimamishwa na trafiki nchi jirani: cha kuonyesha, cha kusema na mahali pa kulipa

Dereva mmoja wa Fuso anayebeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Nairobi alitupigia simu kwenye kipindi cha asubuhi. Alisimamishwa na askari ng'ambo ya mpaka, akaambiwa taa moja ya nyuma haiwaki. Kweli ilikuwa haiwaki. Akatoa shilingi 2,000 za Kenya mkononi, akaachiwa. Mbele kidogo akasimamishwa tena kwa taa ileile. Alipojitetea kwamba ameshalipa, akaulizwa risiti iko wapi. Hakuwa nayo, akatoa tena.

"Mtangazaji, mzigo wangu unaoza. Ningefanyaje?"

Baada ya simu yake zilikuja nyingine, na hazikuwa za Watanzania peke yao. Wakenya wanaokuja harusini Moshi au mnadani Arusha nao wanalalamika kuhusu tochi za huku kwetu. Ndiyo maana tumeona tuliandike jambo hili, ulihifadhi kwenye simu ulisome kabla ya kufika mpakani.

Tuanze na ukweli mmoja. Dereva mgeni hulipa haraka kuliko mwenyeji kwa sababu ana haraka, hajui kituo cha polisi kiko wapi, na anadhani sheria ya ugenini haina mlango wa kutokea. Mlango upo. Lakini fedha uliyotoa bila risiti haifuti kosa lolote. Kosa linabaki, na askari wa kizuizi kinachofuata ana haki ya kukuuliza upya.

Kabla hujavuka

Kazi kubwa ya kujibu askari hufanyika nyumbani, siku moja kabla ya safari. Leseni yako ya Tanzania inatambulika Kenya, na ya Kenya inatambulika Tanzania, mradi haijaisha muda na ni ya daraja la gari unaloendesha. Bima ya kawaida ya nchini kwako haivuki mpaka. Inayovuka ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo unaiomba kwa kampuni yako ya bima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki kwenye mpango huu wa bima, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba kadi hiyo haimhusu Mtanzania. Inafidia madhara utakayomsababishia mtu mwingine barabarani. Gari lako mwenyewe hailikarabati.

Mpakani, kama pale Namanga ambako tangu 2018 ofisi za nchi zote mbili zinafanya kazi chini ya paa moja, forodha watakupa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Soma tarehe ya mwisho hapohapo dirishani, kabla hujaondoka. Gari likipitiliza siku, hilo si suala la trafiki tena, ni la forodha, na gharama yake ni nyingine kabisa.

Mengine ni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, kadi ya gari, na barua ya mwenye gari ikiwa si lako. Hapa Wakenya wengi hukwama: kitambulisho cha taifa kinawafikisha Uganda na Rwanda, lakini Tanzania haikipokei kama hati ya kusafiria. Mwenye mazao abebe pia cheti cha afya ya mimea. Mzigo wa asili ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 za Marekani una cheti chake rahisi cha uasili, kinachotolewa mpakani.

Weka karatasi zote kwenye mfuko mmoja, mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka. Dereva anayepekua chini ya kiti huku akitokwa jasho ameshaonekana ana kosa kabla hajaulizwa.

Mkono wa askari ukiinuka

Washa taa ya kushoto, toka kabisa nje ya lami, funga breki ya mkono, zima injini. Zima na redio, hata kama ni sisi tunaoongea. Shusha kioo, mikono ionekane, ubaki ndani mpaka utakapoambiwa ushuke. Madereva wengi wa Tanzania wana mazoea ya kuruka chini na kumfuata askari na karatasi mkononi kama ishara ya heshima. Huko nje askari anaweza kuwa na silaha, na mtu anayemjia mbio hamtafsiri hivyo.

Salamu kwanza. "Habari za kazi, afande" inaeleweka pande zote mbili. Mpe anachoomba, si mfuko mzima. Kisha sema sentensi hii kwa upole: "Afande, naomba kujua kosa langu." Ukiambiwa, usibishe na usikubali harakaharaka. Omba kuonyeshwa. Kama ni taa, shukeni mkaiangalie pamoja. Kama ni mwendo, omba kuona picha ya tochi, namba ya gari na kasi iliyoandikwa.

Soma jina na namba ya askari kwenye sare yake, uyaandike baadaye pamoja na saa na mahali. Kumnyooshea simu usoni sikushauri. Nimesikiliza simu nyingi za madereva, na zile zilizoishia pabaya nyingi zilianzia hapo. Funguo zako usizitoe bila sababu, na askari akibaki na leseni au kadi ya gari, omba maandishi yanayoonyesha kwamba anayo yeye.

Usiku, penye giza, ukisimamishwa na mtu usiyemwelewa na hakuna gari la polisi wala alama ya kizuizi, funga milango, teremsha kioo kidogo na uombe kitambulisho. Ukitaka kusogea mpaka penye mwanga, mwambie. Usiondoke kimya.

Mgeni anayeendesha Tanzania

Kosa linalowanasa Wakenya wengi kwetu ni alama ya 50. Ukiingia kijiji chenye alama hiyo, kasi ni kilomita 50 kwa saa mpaka uone alama ya kuimaliza, hata kama nyumba zimekwisha na barabara imenyooka. La pili ni kivuko cha waenda kwa miguu. Askari wa Tanzania hana mzaha na pundamilia. Mtu akiwa amesimama pembeni anataka kuvuka, simama.

Trafiki wetu huvaa sare nyeupe. Akikukuta na kosa la kawaida anaweza kukuandikia faini chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo kwa makosa mengi imekuwa shilingi 30,000 kwa kila kosa. Sisitiza hapo kwenye "kila kosa": makosa mawili ni 60,000. Fedha haiingii mkononi kwa askari. Utapewa karatasi yenye kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99, nawe utalipa kwa simu, benki au kwa wakala. Mkenya asiye na laini ya Tanzania amfuate wakala yeyote wa kijijini, atamlipia. Subiri ujumbe wa uthibitisho, upige picha, uiweke na karatasi zako.

Hulazimiki kulipa pale barabarani ili uendelee na safari. Lakini deni hukaa kwenye namba ya gari, huongezeka ukichelewa, na askari wa mbele anaweza kuliona kwenye mashine yake. Kwa mgeni anayerudi mpakani kesho, lipa leo.

Mtanzania anayeendesha Kenya

Kiswahili ni kimoja, maneno ya barabarani ni mawili. Kadi ya gari kwao ni logbook, mahakamani ni kortini, na hati ya dhamana ni bondi. Usiitikie neno usilolielewa. Uliza.

Kanuni za makosa madogo za Kenya za mwaka 2016 zilitaja viwango waziwazi: kutofunga mkanda shilingi 500 za Kenya, kutumia simu ya mkononi ukiendesha 2,000, kukosa kuwa na leseni mkononi 1,000. Linganisha na kile ambacho dereva wetu wa vitunguu alitoa mara mbili. Kizuizini si mahali pa kulipia. Kosa hulipiwa kwa njia rasmi ya serikali au huamuliwa kortini, na kila hatua ina karatasi.

Askari akisema "twende kituoni", wengi hapo ndipo mkono huingia mfukoni. Tuliza moyo, kwa sababu kituoni kuna kitabu cha kumbukumbu na kuna mkuu wa kituo, vitu ambavyo kando ya barabara havipo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inamlinda kila mtu aliyekamatwa, na haisemi Mkenya peke yake. Una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuzungumza na wakili, na haki ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya korti ikiwa muda huo umeangukia nje ya saa za kazi. Ibara hiyohiyo inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi madogo ya barabarani yako humo.

Bondi ya polisi ni bure. Dhamana ya fedha taslimu ni amana: unapewa stakabadhi, na fedha hurudi ukihudhuria kesi, au hukatwa humo faini uliyohukumiwa. Bila stakabadhi, fedha hiyo haina kumbukumbu popote. Ugumu wa kweli kwa mgeni ni kurudi siku ya kesi, na hapo sina jibu tamu. Omba kesi isomwe siku hiyohiyo au kesho yake, ueleze kwamba una mzigo unaoharibika. Korti za trafiki husikia jambo hilo mara nyingi.

Jambo likiwa zito, kama ajali yenye majeruhi, usihamishe gari na usitie saini maelezo usiyoyasoma. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Tamka ombi hilo kwa mdomo, na uombe liandikwe.

Rusumo, Kabanga na kwingineko

Kwa wasikilizaji wetu wa Ngara: Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia, na Kongo pia. Ukivuka daraja la Rusumo unahama upande, na yote niliyosema kuhusu kuegesha kushoto yanageuka. Rwanda kamera za mwendo ni nyingi mno, wenyewe wamezipa jina la Sofia, na si jambo la kujaribu kumshika askari mkono kwa noti. Utalala ndani kwa hongo wakati kosa lako la kwanza lilikuwa la faini.

Hongo ni kosa kwa anayetoa na anayepokea, Tanzania na Kenya. Ukidaiwa, unaweza kusema tu: "Afande, naomba niandikiwe, nitalipa." Wengi wametuambia kwamba sentensi hiyo pekee ilibadilisha mazungumzo. Isipobadilisha, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Ukiwa Kenya, tume ya maadili na kupambana na ufisadi ni 1551, na mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, IPOA, ni 1559. Namba hizi fupi hupigwa ukiwa ndani ya nchi husika, kwa laini ya huko, kwa hiyo usisubiri mpaka urudi nyumbani.

Yule dereva wa vitunguu alipiga tena. Safari hii alikuwa Namanga, amebadilisha balbu za nyuma zote mbili na amenunua mbili za akiba. Zote nne zilimgharimu chini ya kile alichotoa mara ya kwanza.