Kisu cha kukunja: namna ya kutofautisha cha zamani na cha kuigwa

Kisu cha kukunja kinachouzwa Kampala kwa sifa ya kuwa cha enzi za ukoloni huweza kuwa na thamani kubwa, au kikawa bidhaa ya juzi iliyotiwa uzee. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi hana budi kukagua mambo manne.

Chapa. Viwanda vya Sheffield, Uingereza, vilipiga chapa kwenye shina la ubapa, karibu na mpini. Kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilitumia nyota na msalaba, alama iliyosajiliwa mwaka 1682. Jina hilo liliigwa mno, hivyo kila herufi isomwe kwa makini. Herufi V na R zenye taji katikati humaanisha Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901.

Chuma. Harry Brearley alitengeneza chuma kisichoshika kutu mjini Sheffield mwaka 1913. Kwa hiyo, kisu chenye chapa ya Victoria na ubapa wa chuma hicho hakiwezi kuwa cha zama zake. Sumaku haitoi jibu, kwani kwa kawaida hunasa chuma cha visu vya aina zote mbili.

Uchakavu. Kisu kilichotumika kweli huwa kimepungua ubapa kwa kunolewa, na mpini wake hulainika pale mkono uliposhika. Kutu ya miaka mingi hujificha kwenye maungio na kuacha vishimo vidogo. Kutu ya kutengenezwa kwa tindikali huenea sawasawa kila mahali, hata pasipofikiwa na unyevu wala jasho.

Mpini. Mfupa huonyesha vitundu au vidoa vidogo vyeusi; plastiki haina. Pembe ya ndovu huwa na mistari myembamba inayopishana. Hapa tahadhari ni kubwa zaidi: chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, kumiliki pembe bila kibali ni kosa, na adhabu yaweza kufikia kifungo cha maisha. Kisu halisi chaweza basi kumtia mnunuzi matatani kuliko cha bandia.

Dalili moja haitoshi. Zote nne sharti zikubaliane. Wala kisu kipya si cha bandia kwa upya wake. Kazi ya mafundi wa chuma wa Katwe, ikiuzwa kwa jina lao, ni halali. Udanganyifu huanza pale kisu kinapopewa umri usio wake.