Majina ya Maradhi Yasomwayo Katika Damu

Mfasiri akabidhiwapo taarifa ya maabara ihusuyo damu ya mgonjwa wa kiharusi, au ya mzee aliyepotewa na kumbukumbu, hukutana na mambo matatu ambayo istilahi zake hazijatulia: mwili kujihami kwa joto na uvimbe, seli kufa, na alama itokeayo katika damu kuonyesha hayo mawili. Makala haya yataeleza asili ya majina hayo huko yalikotoka na kuyapima yale tuyatumiayo, hasa kwa kumfikiria mwuguzi wa Musoma au Bunda ambaye hana budi kuyatamka mbele ya jamaa wa mgonjwa.

Tuanze na la kwanza. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Jina la Kilatini lililotumika lilitokana na moto. Sisi tulichukua dalili moja tu, uvimbe, tukaifanya jina la jambo zima. Na kwa kuwa uvimbe ni jina la vinundu na majipu pia, mgonjwa aambiwaye kwamba ana uvimbe katika mishipa ya ubongo hudhani atapasuliwa. Siku hizi wengine wanaandika uchochezi. Mtumishi yeyote wa Serikali anaujua uchochezi: ni kosa la jinai. Kumwambia mtu kwamba damu yake ina alama za uchochezi ni kumpeleka mahakamani badala ya hospitali. Mwandishi huyu anapendelea mwako. Ni kweli kwamba wanakemia wanalitumia neno hilo, lakini muktadha hutenganisha, na sura ya moto inabaki.

Kuhusu alama yenyewe, historia inatupa onyo. Mwaka 1930 Tillett na Francis, mjini New York, waligundua katika damu ya wagonjwa wa nimonia protini iliyoungana na kitu walichokiita C, kitokanacho na bakteria wa ugonjwa huo. Baadaye ilifahamika kwamba protini hiyo hutengenezwa na ini, nayo huongezeka kila mwako unapotokea mwilini. Huongezeka baada ya kiharusi. Huongezeka pia kwa malaria. Katika mkoa wa Mara, penye malaria pwani yote ya Ziwa, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo kiashiria ni neno la haki, na kithibitisho ni kosa. Kiashiria huelekeza kidole, hakitoi hukumu.

Jina la kufa kwa seli lina kisa kinachowahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie walieleza namna ya pekee ya kufa: seli hujikunja, hujigawa vipande, kisha huondolewa na jirani zake pasipo kuleta mwako. Wakakosa jina. Wakamwendea Profesa James Cormack, mwalimu wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, naye akawapa neno la kuanguka kwa majani au petali, yaani apoptosisi. Madaktari waliona aibu gani kumwuliza mtu wa lugha? Sisi hatuhitaji hata kwenda mbali, kwani Kiswahili kina kupukutika. Upukutikaji wa seli waweza kueleweka hata na asiyepata kuona hadubini. Namna ile nyingine, ambamo seli hufura, hupasuka na kumwaga vilivyomo, ibaki nekrosisi. Tofauti hiyo ni ya lazima katika kiharusi: katikati ya sehemu iliyokosa damu seli hupasuka upesi, lakini pembezoni nyingi hupukutika polepole, na hizo ndizo tabibu anazotumaini kuziokoa.

Ugumu mkubwa uko kwenye maradhi ya wazee. Utafiti uliofanywa wilayani Hai mwaka 2010 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nayo. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu cha kusaidia kuutambua ugonjwa wa Alzheimer. Lakini tutauitaje ugonjwa wenyewe? Wazimu na kichaa humvunjia mzee heshima. Mtindio wa ubongo umekwisha kupewa watoto. Shida ya akili ni pana mno. Katika Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, bibi anayetangatanga usiku akisema peke yake yumo hatarini kwa jina apewalo. Kwa sababu hiyo afadhali demensia, neno geni lisilo na lawama, likifuatiwa na maelezo: ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu.

Neno geni huweza kupokelewa. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, habari za saratani ya damu zilifika hadi kijijini kwake. Saratani ni Kiarabu, maana yake kaa, kama walivyoiita Wagiriki. Hakuna aliyedai itafutiwe jina jingine.

Limebaki swali moja ambalo kamati za istilahi hazina budi kulishughulikia. Huko Butiama neno la Kiswahili halifikii mwisho wake katika karatasi. Mwuguzi hulitafsiri tena, kwa Kizanaki au Kijita, kwa mzee asiyesema Kiswahili vizuri. Mwako na kupukutika hupita katika tafsiri hiyo ya pili, kwa kuwa kila mkulima ameuona moto na ameyaona majani. Demensia haipiti, na maelezo yake ndiyo yanayopaswa kuandikwa kwanza.