Steponas Darius, Mhajiri Aliyeupanda Mpira wa Kikapu Lithuania

Ni nadra kuona nchi ndogo iliyojijengea heshima kubwa kwa mchezo mmoja kama Lithuania, taifa lililo kando ya Bahari ya Baltiki, lenye watu wasiofika milioni tatu, ambalo limepata kuwa bingwa wa Ulaya wa mpira wa kikapu mara tatu, mwaka 1937, 1939 na 2003, na likatwaa nishani za shaba katika Olimpiki tatu mfululizo kuanzia ile ya Barcelona ya 1992. Heshima hiyo ina asili yake, na atakayeitafuta kwa insafu hatakosa kukutana na jina la Steponas Darius, mtu aliyeihama nchi yake mara mbili, akairudia mara moja, na katika safari ya kuirudia mara ya pili akakutwa na mauti njiani.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1896 katika kijiji cha Rubiškė, magharibi mwa Lithuania, zama ambazo nchi hiyo ilikuwa chini ya himaya ya Tsar wa Urusi, na jina la ukoo wake lilikuwa Darašius. Mwaka 1907 jamaa zake walivuka bahari kwenda Marekani, kama walivyofanya maelfu ya Walithuania waliokimbia ufukara na jeuri ya watawala. Huko ndiko alikokulia, na huko ndiko alikojua mpira wa kikapu, mchezo uliobuniwa na James Naismith mjini Springfield mwaka 1891, ambao kwa umri ulimzidi Darius miaka michache tu. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1917, alijiandikisha jeshini, akalifupisha jina lake likawa Darius, akapigana Ufaransa na kujeruhiwa.

Mwaka 1920, Lithuania ikiwa imekwisha kujitangazia uhuru, Darius alirudi, akaingia chuo cha kijeshi mjini Kaunas, na baadaye akahitimu urubani. Lakini fauka ya kazi ya jeshi alikuwa na shauku isiyotulia ya michezo: alicheza soka akiwa mlinda mlango, akawahimiza vijana kupigana ngumi na kucheza besiboli, na zaidi ya yote akaushika mpira wa kikapu, akiucheza na kuufundisha. Hakuwa peke yake, kwani Elena Kubiliūtė, mwanamke aliyewatangulia wenziwe katika michezo ya nchi hiyo, alikuwa ameshaanza jitihada zake. Lakini Darius alileta ujuzi wa mtu aliyeuona mchezo ule kwao ulikozaliwa.

Mechi rasmi ya kwanza ya wanaume ilichezwa Kaunas tarehe 23 Aprili 1922, baina ya klabu ya LFLS na timu ya mji, na LFLS ikashinda kwa pointi 8 dhidi ya 6. Hesabu hiyo ndogo yadhihirisha jinsi mchezo ulivyokuwa mchanga, na wala timu ya taifa haikupata mteremko, kwani ilipokwenda Riga mwaka 1925 kucheza na Latvia ilifungwa 41 kwa 20. Darius hakuvunjika moyo. Mwaka 1926 alitoa kitabu kwa Kilithuania, kikieleza mchezo ulivyo pamoja na kanuni zake rasmi, ili mwalimu wa shule au kijana wa kijijini asiyepata kuiona Marekani aweze kuusoma na kuufuata. Na katika siku hizo hizo alisimama mbele katika kuanzisha uwanja wa michezo wa Kaunas, ambao hadi leo unachukua jina lake.

Mwaka 1927 alihama tena kwenda Marekani, akafanya kazi ya urubani. Mwaka 1932, pamoja na mhajiri mwenziwe Stasys Girėnas, alinunua ndege kuukuu aina ya Bellanca kwa dola 3,200, wakaipa jina la Lituanica, na Walithuania wa Marekani wakawachangia kuitengeneza kwa safari ndefu. Tarehe 15 Julai 1933 waliruka kutoka New York, bila redio, wakikusudia kutua Kaunas. Waliivuka Atlantiki kwa salama, lakini usiku wa kuamkia tarehe 17 ndege ilianguka katika msitu karibu na Soldin, Ujerumani, mahali ambapo sasa ni Poland, na wote wawili wakafa, ikiwa imesalia takriban kilomita 650 tu kufika. Walikuwa wamekwenda kilomita 6,411 bila kutua. Mfuko wa barua waliouchukua uliokotwa, na barua zikapelekwa Kaunas.

Taifa zima liliomboleza, na maiti zao zikatiwa dawa zisioze. Utawala wa Kisovieti uliporejea mwaka 1944 zilifichwa ndani ya ukuta wa chuo cha utabibu, zikagunduliwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata zikazikwa Kaunas kwa taadhima.

Darius hakuuona ushindi wa 1937, pale Walithuania waliposhinda Italia 24 kwa 23 kule kule Riga walikoadhiriwa miaka kumi na miwili nyuma. Lakini njia iliyoleta ushindi ule ndiyo aliyoipita yeye: Feliksas Kriaučiūnas na Pranas Talzūnas walitoka Marekani kuja kuichezea nchi ya wazee wao, na mwaka 1939 akaongoza Pranas Lubinas, mzaliwa wa Los Angeles, aliyekwisha kushinda dhahabu ya Olimpiki akiwa na Wamarekani. Haki basi ni kusema kwamba mchezo unaohesabiwa kuwa fahari ya Lithuania ulijengwa kwa mikono ya waliobaki na ya waliohama pamoja, na kwamba taifa linalowahesabu watu wake wa ughaibuni kuwa wamekwisha kupotea hujinyima akiba ambayo halikuigharimia, na ambayo huenda siku moja likaihitaji mno.