Mkandarasi wa umeme na vibali vyake: Leseni moja haitoshi

NYUMBA ikiisha kupigwa lipu, mwenye nyumba wa kawaida nchini huanza kuulizia fundi wa kutandaza nyaya. Mara nyingi humpata kwa jirani, hukubaliana naye bei mlangoni, na suala la vibali hukumbukwa siku fomu ya maombi ya umeme inapodai mhuri wa mkandarasi.

Hapo ndipo biashara ya kuazima mhuri inapoingia. Kishoka, kama wananchi wanavyomwita fundi asiye na leseni, humtafuta mwenye leseni, humpa chochote, naye hugonga mhuri kwenye kazi ambayo hakuiona. Umeme huwaka, mita ya LUKU hufungwa, na kila mmoja hushika njia yake. Tatizo hujitokeza moto unapozuka, kwani karatasi itamtaja mtu mmoja ilhali kazi ilifanywa na mwingine.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa leseni ya ufungaji umeme ni Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Leseni hutolewa kwa madaraja yanayotajwa kwa herufi. Daraja A lina upeo mpana kuliko yote, na madaraja B, C na D hupungua kadiri ya msongo wa umeme na ukubwa wa kazi.

Elimu ndiyo inayoamua mwombaji aingie wapi. Madaraja ya chini yako wazi kwa mwenye cheti cha ufundi stadi, kikiwamo cha vyuo vya VETA, na madaraja ya juu hudai stashahada au shahada pamoja na uzoefu unaoweza kuthibitishwa. Fundi hodari wa nyumba za kawaida hana ruhusa ya kugusa transfoma ya kiwanda kwa leseni ya daraja la chini, hata kama anaujua mtambo huo kwa moyo.

Leseni ya EWURA hupima ujuzi. Uwezo wa kampuni hupimwa kwingine, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), chini ya sheria namba 17 ya mwaka 1997. Bodi huangalia mtaji, vifaa na sifa za wataalamu walioajiriwa, kisha huipanga kampuni katika daraja linaloweka ukomo wa thamani ya kazi. Ada ya kila mwaka si jambo la kupuuza, kwa kuwa Bodi imewahi kuwafutia usajili makandarasi walioacha kuilipa. Asiye na cheti cha CRB hana nafasi katika zabuni za ujenzi za Serikali.

Leseni ya biashara na namba ya mlipakodi hazihitaji maelezo marefu, kwani ni sharti la karibu kila mfanyabiashara. Aidha, sehemu ya kazi husajiliwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), chini ya sheria ya mwaka 2003.

Eneo linaloeleweka vibaya kuliko yote ni bima. Makandarasi wengi huamini kwamba wakishachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) wamemaliza. Mfuko huo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015, humlinda mfanyakazi anayeumia, kuugua au kufa kwa sababu ya kazi. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Kwa sekta binafsi ulianza kwa asilimia moja ya mishahara na baadaye ukashushwa hadi asilimia 0.5. Kibarua aliyechukuliwa kwa siku chache kuchimba mtaro wa kebo naye ni mfanyakazi mbele ya sheria hiyo.

Hata hivyo, WCF hailipi nyumba ya mteja iliyoungua, wala duka la jirani. Hasara hiyo inahitaji bima ya dhima kwa watu wengine, inayonunuliwa kwenye kampuni za bima. Mikataba mikubwa kwa kawaida huitaja, pamoja na bima ya kazi yenyewe inapokuwa inaendelea, lakini kazi ndogo za mitaani hufanywa bila hiyo. Dhamana ya zabuni nayo isichanganywe na bima: humlinda mwenye mradi endapo mkandarasi atajitoa. CRB ina mfuko unaowasaidia makandarasi wadogo na wa kati kupata dhamana hizo.

Kwa mwenye nyumba aliyekata bima ya moto, mhuri wa kuazima ni hatari ya pekee. Mkadiria hasara hutaka kujua chanzo cha moto, na chanzo kikiwa nyaya, swali la nani alizitandaza haliepukiki. Aliyegonga mhuri naye atajibu kwa kazi asiyoijua, na leseni yake huwa mashakani.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kulipa malipo ya awali, mteja amwombe fundi namba ya leseni na kitambulisho, kisha ahakikishe jina katika orodha ya wenye leseni inayochapishwa na EWURA kwenye tovuti yake, pamoja na daraja lake. Kazi ikiisha, adai vipimo vifanyike mbele yake, hasa cha waya wa ardhini, ambao huachwa au kufukiwa kijuujuu ili kubana gharama.

Utaratibu huu ni wa Bara. Kwa upande wa Zanzibar, umeme husambazwa na ZECO na udhibiti wa huduma hiyo uko chini ya ZURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, hivyo mkandarasi wa Dar es Salaam anayepata kazi Unguja au Pemba aulize masharti ya huko kabla ya kupakia vifaa bandarini.